Godoro likichoka lisishushwe kwa mtoto

KAULI YA NYUMBANI
Na Rehema Kiondo

Januari ndiyo mwezi wa magodoro. Shule za bweni zinafunguliwa, na orodha ya mahitaji anayopewa mzazi haikosi kutaja godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Utayaona yamekunjwa na kufungwa kamba nyuma ya bodaboda, mengine juu ya basi la mkoani, mengine kichwani kwa mwanafunzi mwenyewe huku mkononi ameshika ndoo na tranka. Mzazi mwenye mkono mfupi hununua la inchi nne, jepesi kuliko yote dukani. Wengine hawanunui kabisa: huchukua lile alilolalia kaka mtu mpaka akamaliza Kidato cha Nne, wakafua kitambaa chake, wakamkabidhi mdogo mtu.

Nimeanza na mwanafunzi kwa sababu kwake unaona waziwazi jinsi tunavyoishi na magodoro. Katika nyumba zetu godoro halitupwi. Linanunuliwa kwa ajili ya chumba cha baba na mama. Likibonyea linahamia kwa watoto, watoto wakilichosha linakwenda kwa dada wa kazi, na baada ya hapo linapakiwa kwenye basi kwenda kwa bibi kijijini au linatandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Kila linapohama, umri wake unaanza kuhesabiwa upya. Muulize mama mwenye nyumba godoro la watoto lina miaka mingapi, atakujibu mitatu, kwa maana lilihamia chumbani kwao miaka mitatu iliyopita. Ile saba ya mwanzo, chumbani kwa wazazi, haimo kwenye hesabu.

Ninachosema leo ni kwamba utaratibu huu unawalaza vibaya watu wasio na sauti ya kulalamika, na hao ndio wanaohitaji godoro zima kuliko sisi tuliolinunua.

Desturi yenyewe ina asili yake, na ilikuwa desturi nzuri. Bibi zetu wa Tanga na Pwani walilalia sufi, iliyochumwa kwenye misufi ya kwao, au pamba, au usumba wa nazi. Godoro la sufi likishikana mabonge, uzi ulifumuliwa, sufi ikatolewa na kutandazwa mkekani, ikapigwa jua, ikachambuliwa kwa vidole bonge moja baada ya jingine, ikaongezwa mpya kidogo, kisha kitambaa kikashonwa tena. Jioni mtu alipanda juu ya godoro lililoinuka kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Hata kitanda cha kamba, teremka tukaze, kikilegea kilikazwa. Vitu vile vilirudi upya kwelikweli, kwa hiyo mtoto aliyerithi godoro la mama yake hakupunjwa.

Sponji hairudi. Hii tunayolalia wengi siku hizi ni poliyurethani, zao la kazi ya mkemia wa Kijerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Kiwandani huchanganywa kemikali mbili za majimaji pamoja na maji kidogo. Mchanganyiko unachemka wenyewe, unatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayouumua mpaka ukawa bonge kubwa la vijumba vidogo vyenye kuta nyembamba sana. Unapolala, kuta hizo zinajikunja, unapoamka zinajinyoosha. Uzito wako, joto la mwili na jasho la Dar es Salaam vinazichosha usiku baada ya usiku, mwishowe nyingine zinavunjika. Ukuta uliovunjika hakuna fundi wa kuuunga. Kulianika godoro kunakausha unyevu, na ni jambo jema, lakini hakurudishi urefu wa inchi nane kwenye sponji iliyobaki na sita. Tena sponji iliyoachwa wazi bila kitambaa jua linaigeuza manjano na kuifanya imeguke kama biskuti.

Basi linadumu miaka mingapi? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kati ya saba na kumi, na kwa godoro la sponji nzito au la springi lililotengenezwa vizuri jibu hilo ni la haki. Kwa sponji nyepesi inayolaliwa na watu wazima wawili, kufika miaka minne ni bahati. Watoto watatu kwenye futi nne kwa sita, mmoja akiwa bado anakojoa kitandani, wanalimaliza mapema kuliko unavyodhani ukiangalia miili yao midogo.

Kwa hiyo usitegemee kalenda peke yake. Toa mashuka, chukua ufito ulionyooka au fimbo ya fagio, ulaze juu ya godoro kutoka ukingo hadi ukingo, pale panapokaa kiuno. Pima nafasi iliyobaki kati ya fimbo na godoro. Kampuni nyingi za Marekani zinapotoa dhamana huhesabu bonde la inchi moja au moja na nusu kuwa kasoro ya kurudishiwa godoro. Nimepima magodoro ya vyumba vya watoto, kwa ndugu na jamaa, nikakuta bonde ambalo ngumi yangu inapita chini ya fimbo bila kugusa. Kisha piga goti katikati. Goti likiisikia chaga, sponji hiyo imekwisha, hata kitambaa kikiwa na maua yanayong'aa.

Hapa kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulihukumu godoro. Chaga zilizoachana sana, au moja iliyovunjika na kuegeshwa tofali, zinalizamisha hata godoro jipya. Lishushe sakafuni ulipime tena. Likinyooka, mwenye kosa ni kitanda, na mbao chache za fundi seremala zitakuokolea fedha nyingi.

Mwili nao unatoa ushahidi. Mtu anayeamka kiuno kimekaza, kikaachia baada ya kutembea na kufagia uwanja, halafu akaenda msibani au arusini, akalala kwenye godoro la watu na kuamka mwepesi, hana haja ya kumtafuta mganga kabla hajaangalia kitanda chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, walilijaribu hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watu 59 walilala siku 28 kwenye vitanda vyao vya siku zote, ambavyo kwa wastani vilikuwa na miaka tisa na nusu, kisha siku 28 kwenye vipya. Maumivu ya mgongo yalipungua na usingizi ukawa bora. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa watu wa kawaida waliozoea walichonacho.

Na hapo niiguse imani moja iliyoenea sana madukani, kwamba mwenye mgongo alalie godoro gumu kama ubao. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake nchini Hispania. Watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa, wengine wakapewa godoro gumu, wengine la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90 wale wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Muuzaji akikuambia gumu ndilo la daktari, mwambie utajilaza kwanza, ubavu na chali, dakika kadhaa, viatu umevua. Muuzaji wa kweli hatakataa.

Sasa turudi kwa wale wa mwisho kwenye foleni.

Mtoto mchanga anatakiwa kulala mahali tambarare na pagumu kiasi, peke yake. Kwenye godoro lenye bonde katikati anabingirika mpaka mwilini kwa mama yake, na uso wake unaweza kuzibwa bila mtu kujua. Dada wa kazi ameamka saa kumi na moja alfajiri, amebeba maji, amefua, amepika, ameosha vyombo vya usiku. Mgongo wake ndio uliofanya kazi kuliko migongo yote ndani ya nyumba, nasi tunamlaza juu ya kitu tulichokikataa wenyewe kwa sababu kilituumiza. Hatatamka neno. Anaogopa kuonekana anadeka, na akisema tutamkumbusha kwao alikuwa analala wapi. Maneno hayo nimeyasikia, na ni maneno ya kuona aibu.

Halafu kuna bibi. Mzee aliyepooza, au aliyevunjika nyonga, anakaa kitandani mchana na usiku. Sponji iliyokufa inamfikisha kwenye chaga, na mifupa ya nyonga, matako na visigino inabana ngozi dhidi ya mbao. Damu haipiti, ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi, kisha inafunguka kidonda. Vidonda hivi vinafika mpaka kwenye mfupa na vinaua. Kumgeuza kila baada ya saa chache ni lazima kwa godoro lolote, lakini kwenye godoro lililokwisha hata huko kugeuza hakutoshi. Ninajua familia zinazochanga kwa ajili ya dawa za vidonda kila mwezi huku mgonjwa yuko juu ya godoro lililotoka Dar likiwa tayari limebonyea.

Najua hoja ya fedha, na ni hoja nzito. Hebu tupige hesabu. Tuseme godoro la futi tano kwa sita la sponji nzito ni shilingi 400,000 na litakupa miaka minane. Kila usiku umelipa chini ya shilingi 140. Jepesi la shilingi 150,000 likifa baada ya miaka mitatu, usiku wake nao ni chini kidogo ya shilingi 140. Umelipa kilekile, ila mwaka wa mwisho umelala bondeni. Tatizo la wengi wetu ni kuzipata 400,000 kwa mkupuo. Michezo na vikoba vyetu vimeshanunua masufuria, masofa na sare za harusi. Mzunguko mmoja wa magodoro hauwezi kushindikana.

Ukishika fedha, nunua kwa mzani. Godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa inchi nane lina ujazo wa karibu meta za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 30 kwa meta moja ya ujazo italipa uzito wa kilo 17 hivi. Ya kilo 18 italifikisha kumi tu. Tofauti hiyo mikono inaisikia, na duka la mchele la jirani lina mzani. Hutokea sponji ikatiwa unga wa chokaa ili ipate uzito, kwa hiyo kama kitambaa kina zipu kifungue, sugua ukingo kwa kidole uone kama unatoka unga, na uhakikishe ni bonge moja na si vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukifika nyumbani vua ile nailoni, kwani inafungia jasho ndani na chini kunaota ukungu. Andika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino kwenye pembe ya kitambaa, na uligeuze mara kwa mara, juu kwa chini, kichwani kwa miguuni.

Lile la zamani usilichome. Moshi wa sponji una sumu, na watoto wa mtaa ndio watakaouvuta. Kama halina kunguni, mafundi wa sofa wanachukua vipande, na mito ya viti inajaa vizuri. Lenye kunguni lifungwe kwenye nailoni na kupelekwa kwa gari la taka, lisiachwe barabarani likaokotwa na mtu asiyejua.

Ndugu msomaji, wikiendi hii chukua fimbo ya fagio upite vyumba vyote, uanzie kwa dada na kwa watoto, chako kiwe cha mwisho. Uwezo ukiwa wa godoro moja tu mwaka huu, na nyumbani yupo mgonjwa wa kitandani, jipya liende kwake.