Antena Juu ya Gari

Wako wasemao kwamba sisi Waafrika hupata vyombo wenzetu wakishavichoka. Mimi hukataa. Redio ya setilaiti ilitufikia mapema: AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, mali ya WorldSpace, kampuni aliyoiasisi Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Wamarekani waliingoja XM yao hadi 2001. Ila wao waliifunga garini, ikaimba huku magurudumu yakizunguka.

Yangu niliifunga kando ya usukani, Ramadhani moja, nikatoka nayo Migori kwenda Homa Bay. Kosa langu, chombo chenyewe kiliundwa kwa meza, na antena yake hutaka kuitazama setilaiti bila kuyumba. Njia nzima ya Awendo, katikati ya miwa, bubu! Kufika Rongo nikasimama, nikaielekeza juu, magharibi kidogo, sauti ikaja safi kama mtu kaketi kiti cha nyuma. Watoto wakaniuliza kama ndiyo kibla yangu. La, nikawaambia, kibla ni kaskazini. Hii ya habari tu.

WorldSpace ilifilisika 2008. Wengine husema redio ya setilaiti haikutufaa. Mimi naona ilikosa barabara. Msikilizaji wake hasa ni dereva wa lori atokaye Mombasa hadi Isebania, aliyeacha nyumbani idhaa zenye adhana na mawaidha. Siku hizi hutegemea simu, nayo hunyamaza kila apitapo pasipo mnara. Setilaiti ingemfuata hadi mpakani.