Usilipie Gari Linalokugeuza Msimamizi Wake

Mtu akikwambia ameongeza dola 8,000 juu ya bei ya gari ili lijiendeshe lenyewe, muulize swali moja tu: likimgonga mtu, atakayebanwa kwanza ni nani? Jibu ni yeye, kwa jina lake na leseni yake. Kampuni iliyomuuzia itaonyesha karatasi aliyoikubali, yenye maneno kwamba dereva anawajibika muda wote. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Gari ambalo muuzaji wake hathubutu kulibebea dhamana halijiendeshi, na hakuna sababu ya kulilipia kana kwamba linajiendesha.

Imani ninayoipinga inajulikana. Binadamu, tunaambiwa, ni dereva mbovu: anasinzia, anakunywa, anachezea simu. Kompyuta haisinzii wala hailewi. Kwa hiyo anayelipia kompyuta iendeshe anainunulia familia yake usalama, na anayekataa ni bahili au mshamba. Nimeisikia kwa jamaa zetu walioko Marekani, wanaokatwa dola 99 kila mwezi kwa huduma hii, na sasa naisikia kwenye yadi za magari Mombasa na Dar es Salaam, muuzaji akigonga kioo cha mbele kwa kidole kuonyesha kamera. Wanaoiamini ni watu wenye nia njema, wanaowapenda watoto wao. Ndiyo maana inaniuma.

Tuanze na Tesla, kwa kuwa ndiyo iliyoifundisha dunia kulipia ahadi hii. Oktoba 2016 ilitangaza kwamba kila gari linalotoka kiwandani lina vifaa vyote vya kujiendesha kikamilifu, kilichobaki ni programu. Mkuu wake, Elon Musk, akasema kabla ya mwaka 2017 kwisha gari lingetoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Safari hiyo haikufanyika. Aprili 2019 akasema mwaka unaofuata kungekuwa na teksi milioni moja zisizo na dereva. Mwaka 2020 ukaja, ukapita bila hata moja. Teksi za kwanza zilianza Austin Juni 2025, chache, na mfanyakazi wa kampuni ameketi kiti cha mbele.

Wakati ahadi inasogezwa mbele, bei ilikuwa ikipanda. Dola 10,000 mwaka 2020. Dola 12,000 mwanzoni mwa 2022. Dola 15,000 Septemba ya mwaka huo huo, bei ya gari zima la mtumba lililo zuri. Ndipo Aprili 2024 ikashuka hadi 8,000. Januari 2025 Musk akakiri kwamba wenye magari yenye kompyuta ya kizazi cha tatu, waliokwisha kulipia huduma hii, watahitaji kubadilishiwa kompyuta hiyo. Walikuwa wamelipia kitu ambacho magari yao hayakuwa na uwezo wa kukibeba, na wengine walikuwa wamesubiri miaka. Isitoshe, kwa kawaida malipo hayo yalifuata gari, hayakumfuata mtu. Mtu akiliuza, ahadi iliondoka nalo, na kwenye gari jipya alianza kulipa upya.

Lakini tuseme bei si tatizo. Unapata nini hasa?

Ukikaa nyuma ya usukani, skrini kubwa inakuchorea barabara, magari ya jirani yakiwa maumbo ya kijivu na njia yako ikiwa utepe wa buluu. Usukani unazunguka wenyewe kwenye kona, na mara ya kwanza moyo unaruka kwa furaha, sikatai. Juu ya kioo cha kutazamia nyuma kuna kamera ndogo, na hiyo inakutazama wewe, machoni. Ukigeuka kumpa mtoto maji, skrini inamulika na sauti inalia: tazama mbele. Ukichungulia simu, inalia tena. Ukipuuza mara kadhaa, huduma uliyoilipia inafungwa kwa muda, kama adhabu. Macho yawe barabarani, mkono uwe tayari na mguu usiwe mbali na breki, kwa sababu mashine inaweza kukosea ndani ya sekunde moja, na sekunde hiyo ni yako kuiokoa. Huwezi kulala. Huwezi kusoma. Ni sawa na kumlipa mwanafunzi wa udereva akuendeshe, wewe umekaa pembeni roho mkononi.

Na kazi ya kusimamia mashine inayopatia karibu kila mara ni ngumu kuliko kuendesha. Hili halikugunduliwa jana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la anga la Uingereza liliona waangalizi wake wa rada, vijana makini waliofunzwa vizuri, wakipitwa na alama za nyambizi za adui kadiri zamu ilivyosonga. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akawaweka watu mbele ya saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja, na mara chache sana hatua mbili. Kila ukiruka mbili, bonyeza. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kuwa baada ya nusu saa tu umakini ulikuwa umeshaporomoka. Mwaka 1983 mwanasaikolojia mwingine, Lisanne Bainbridge, akaandika makala ambayo wahandisi wanaisoma hadi leo, akieleza kwamba kadiri mashine inavyozidi kuaminika, ndivyo binadamu anayeisimamia anavyopoteza ujuzi na wepesi wa kuiokoa siku itakaposhindwa. Sisi tunamlipisha mtu pesa ili tumtoe kwenye kazi anayoiweza, tumpe ile ambayo akili ya binadamu haikuumbiwa: kukodoa macho bila kufanya lolote.

Matokeo yake yalionekana Tempe, jimbo la Arizona, usiku wa Machi 18, 2018. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ulibaini kwamba mitambo ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, kisha ikawa inabadilisha uamuzi: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Msimamizi aliyewekwa nyuma ya usukani alikuwa ameinamia simu. Waendesha mashtaka walisema hawaoni kosa la jinai kwa Uber. Msimamizi alishtakiwa, akakiri kosa mwaka 2023, akapewa miaka mitatu ya uangalizi wa mahakama. Sitetei kutazama simu barabarani. Ila tazama mzigo ulikoangukia: kampuni ilijenga mfumo uliokosea, na mtu aliyelipwa kuusimamia ndiye aliyebaki na rekodi ya jinai.

Kuna jambo jingine katika ajali hiyo ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Volvo ile ilitoka kiwandani na breki yake ya dharura ya kiotomatiki, ile inayojikaza yenyewe gari linapokaribia kugonga. Uber iliizima kila kompyuta yake ilipokuwa ikiendesha, ili mifumo miwili isivurugane. Kifaa cha kawaida cha kuokoa maisha kilizimwa kupisha kile kilichoitwa cha kisasa.

Nitaambiwa Miami imebadilisha mambo. Kweli, Agosti 2025 baraza la waamuzi huko liliikuta Tesla na sehemu ya lawama kwa ajali ya mwaka 2019 kule Key Largo, ambapo dereva aliyewasha mfumo wa Autopilot aliinama kutafuta simu iliyoanguka na msichana wa miaka 22 akafa. Kampuni ikatakiwa kulipa takriban dola milioni 243, nayo ikaamua kuipinga hukumu. Nilifurahi kuona familia imesikilizwa. Hata hivyo, soma mgawanyo wenyewe: asilimia 33 kwa kampuni, asilimia 67 kwa dereva. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na bado dereva ndiye aliyebeba theluthi mbili.

Sasa ile takwimu inayotajwa kila mahali, kwamba asilimia 94 ya ajali husababishwa na makosa ya binadamu. Chanzo chake ni waraka mfupi wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani wa mwaka 2015, na waraka wenyewe unaonya kwamba kinachohesabiwa ni tukio la mwisho katika mlolongo, kisichukuliwe kuwa ndicho chanzo cha ajali wala kuwa ni lawama. Barabara mbovu, kona isiyo na taa, gari lisilo na breki, vyote vinaweza kuwa nyuma ya hilo kosa la mwisho. Mwaka 2020 taasisi ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima za Marekani, ilichambua maelfu ya ajali na kukadiria kwamba magari ya kujiendesha yanaweza kuzuia kama theluthi moja tu, iwapo faida yake itakuwa kuona vizuri zaidi na kutochoka. Mwaka 2024 taasisi hiyo ikaeleza kwamba haioni ushahidi kuwa mifumo ya kusaidia kuendesha, ile inayoshika usukani na kuchunga mwendo huku wewe ukisimamia, inapunguza ajali. Lakini breki ya dharura ya kiotomatiki, kwa hesabu za taasisi hiyo hiyo, inapunguza karibu nusu ya ajali za kugonga gari la mbele.

Rudia sentensi hizo mbili za mwisho kabla hujatia saini mkopo wa gari.

Magari yanayojiendesha kweli yapo, na nisipoyataja nitakuwa nimedanganya. Waymo, iliyoanza mwaka 2009 ndani ya Google, imekuwa ikibeba abiria Phoenix bila mtu kwenye usukani tangu 2020, kisha San Francisco na Los Angeles. Takwimu ilizochapisha zinaonyesha ajali zenye majeruhi chache sana kuliko za madereva wa kawaida katika miji hiyo hiyo. Lakini Waymo haimuuzii mtu gari hilo. Linafanya kazi katika maeneo yaliyopimwa na kuchorwa ramani kwa kina, likiwa na vihisi vya leza vya gharama kubwa, na watu wa kulisaidia kutoka mbali likikwama. Kampuni inalimiliki, inalitunza, na likigonga yenyewe ndiyo inayoulizwa. Abiria analipa nauli. Mtu asiyeona anaweza kupanda peke yake na kufika. Huyo huyo, akilipia huduma hii kwenye gari la Tesla, haruhusiwi hata kulitoa nje ya geti, kwa sababu sheria inataka dereva mwenye leseni na macho yanayoona. Wanaotangaza bidhaa hii kwa jina la wazee na walemavu waache.

Mercedes-Benz nayo ilionyesha uaminifu unavyokuwa. Mfumo wake wa Drive Pilot, uliouzwa Ujerumani kuanzia 2022, ulimruhusu dereva kuachia usukani na kutazama filamu, na kampuni ikasema ukiwa umewashwa dhamana ni yake. Basi tazama ulivyobanwa mara kampuni ilipokubali kubeba lawama: barabara kuu zilizoainishwa tu, kwenye foleni, mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Mtengenezaji akijua atalipa yeye, ghafla anakuwa mwangalifu. Asipolipa yeye, anasema gari linaweza kwenda popote.

Kwetu habari hii inaingia kupitia bandari. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Nissan Serena yenye ProPILOT ilianza kuuzwa Japani Agosti 2016, kwa hiyo magari ya aina hiyo tayari ni ya bei ya mtumba. Subaru zenye EyeSight, ambazo zilianza mwaka 2008, tunapishana nazo kila siku. Gari linawaka na kukusalimu kwa Kijapani likidai kadi ya kulipia barabara za kwao, na muuzaji anakuongezea bei kwa sababu "hii inajiendesha". Haijiendeshi. Inafuata mistari iliyochorwa barabarani na gari lililo mbele yake. Mistari ikifutika, haina cha kufuata. Haikutengenezwa kwa ajili ya matuta yasiyopakwa rangi, wala bodaboda inayokuja upande wake usiku bila taa.

Zaidi ya hayo, kamera zile zimefungwa nyuma ya kioo cha mbele na zinapimwa kwa milimita. Kioo kikipasuliwa na jiwe la lori, fundi akakuwekea kingine bila kuzipima upya, kamera inaweza kutazama pembeni kidogo tu, na kidogo hicho kwa umbali wa mita 50 ni tofauti ya njia yako na njia ya basi linalokuja.

Kwa hiyo ukienda yadi, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya usukani unaojizungusha. Uliza kama gari lina breki ya dharura ya kiotomatiki na mfumo wa kuzuia kuteleza. Uliza kama kioo cha mbele ni kile cha kiwandani. Washa gari na usubiri: taa za onyo kwenye dashibodi zinatakiwa ziwake, kisha zizime zote, na isiyozima muuzaji akueleze kabla hujatoa pesa. Inama usome tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Likiwa la zamani, pesa uliyotaka kulipia ujiendeshaji inatosha kununua manne mapya na kiti cha mtoto cha nyuma.