Sahihi ya Mzee

Dada yangu alienda kliniki mara mbili akitaka kufungwa kizazi. Mara ya kwanza alikuwa na watoto wanne na mume dereva wa trela, mtu wa kuonekana nyumbani kama mvua ya Turkana. Nesi akamuuliza swali moja tu: "Mzee wako amekubali?" Aje naye, ama alete karatasi yenye sahihi yake. Mara ya pili akaleta karatasi aliyojiandikia mwenyewe. Akashikwa. Akadungwa sindano ya miezi mitatu, akaongezewa matusi kidogo, akarudi nyumbani.

Sindano iliyofuata hakuipata kwa sababu dawa ilikuwa imeisha. Mtoto wa tano alizaliwa kabla ya wakati, na bili ya hospitali ikakula karo yangu ya mwaka wa pili. Sikurudi chuo. Simlaumu mtoto. Ana miaka mitatu sasa, ananiita Anko na kuniibia chaja. Namlaumu aliyeamua kwamba mwanamke wa miaka 34, mwenye kitambulisho na kura, mwili wake una meneja.

Hiyo sheria ya sahihi ya mzee iko wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, pamoja na afya ya uzazi. Imesema kila mtu. Haijasema kila mtu na mzee wake.

Najua utaniambia nini. Utaniambia hii mambo ya kufunga kizazi imewahi kutumiwa vibaya, na uko sawa kabisa. India, miaka ya 1975 hadi 1977, serikali ilifunga mamilioni ya wanaume, wengi kwa kulazimishwa. India hiyo hiyo, Novemba 2014, jimbo la Chhattisgarh, daktari mmoja aliwapasua wanawake 83 kwa saa chache kwenye kambi moja. Zaidi ya 10 walikufa. Na tusijifanye ni mambo ya mbali. Hapa kwetu, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI walifungwa mirija bila ridhaa yao. Kuna kesi iliyopelekwa mahakamani 2014, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamua Desemba 2022 kwamba haki za mwanamke huyo zilikiukwa. Miaka minane ya kungoja kuambiwa kitu alichokijua tangu siku ya kwanza.

Sasa weka huyo mama na dada yangu kwenye benchi moja. Mmoja hakutaka, akafungwa. Mwingine alitaka, akafukuzwa. Unaona tofauti? Mimi naona ugonjwa mmoja. Wote wawili walikuwa ndani ya chumba, na hakuna aliyewauliza wao. Dawa ya kulazimishwa ni ridhaa ya mwenye mwili. Sahihi ya mtu wa tatu haijawahi kumlinda mwanamke. Inahamisha tu kiti cha bosi kutoka kwa daktari hadi kwa bwana.

"Lakini je, akijuta?" Swali zuri. Hii njia ni ya kudumu, na kuirudisha ni ngumu, ghali, na hakuna uhakika. Kwa hivyo mweleze hivyo, kwa lugha anayoielewa, siku ambayo hana uchungu wa kuzaa. Mwonyeshe koili, mwonyeshe kijiti, mpe muda wa kufikiria. Akirudi bado anataka, kazi yako ya kushauri imeisha. Ushauri si kura ya turufu.

Na sisi maboyz? Hapo ndipo unafiki unanuka. Vasektomi haichukui hata nusu saa. Unadungwa ganzi, mirija ya mbegu inakatwa na kufungwa, unaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Unatumia kondomu kama miezi mitatu hadi vipimo vionyeshe mbegu zimeisha. Nguvu za kiume ziko palepale. Homoni hazipitii kwa hiyo mirija. Lakini itaje kwenye meza ya nyama choma uone. Wasee wanashika mapaja, wanaanza hadithi za ng'ombe dume aliyehasiwa. Kenya hii, wanaume waliofanya hawafiki hata asilimia moja. Yaani tunaogopa sindano ya ganzi, lakini tuko tayari kukaa juu ya uamuzi wa mwanamke aliyepasuliwa mara mbili akizaa watoto wetu.

Mimi sisemi kila mtu afungwe. Ukitaka kumi, zaa kumi, uwalee. Nasema fomu ya ridhaa iwe na nafasi moja ya sahihi, na kliniki yoyote inayodai ya pili iulizwe imeitoa wapi.

Dada ameniomba nimsindikize kituo kingine mwezi ujao. Nitaenda kumshikia mtoto tu. Wakinigeukia kuniuliza kama sisi wa familia tumekubali, nitawaambia wamuulize yeye. Si amekaa hapo mbele yao?