Nguvu ya Mkopo



Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba kijana aliyezoea dawa za kuchangamsha mwili hana utashi, na kwamba angetaka kweli angeziacha leo. Sisi tunaiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno, kwa kuwa haijatazama yanayotendeka ndani ya ubongo.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayotutia hamu ya kutenda. Seli moja huimwaga katika mwanya mwembamba ulio kati yake na jirani yake; ujumbe ukishafika, protini iitwayo kisafirishi huizoa na kuirudisha ilikotoka. Ndivyo msisimko unavyopata mwisho. Kokeini hukiziba kisafirishi hicho. Amfetamini hupenya kwa njia yake, kisha hukilazimisha kwenda kinyume, dopamini ikamwagwa nje badala ya kurudishwa. Kathinoni, iliyomo katika majani mabichi ya miraa, ambayo Uganda huitwa mairungi, hutenda vivyo hivyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Basi dawa hizo hazileti nguvu mpya; hutapanya akiba ambayo mwili ulikuwa umejiwekea. Ndiyo sababu baada ya uchangamfu huja uchovu na huzuni. Wenye vita walikwisha kulitumia jambo hili: mwaka 1940 jeshi la Ujerumani liliwagawia askari wake mamilioni ya vidonge vya Pervitin, yaani methamfetamini, ili waendelee na mapigano bila kulala. Nguvu iliwafaa makamanda. Deni likabaki mwilini mwa askari. Hapa Masisi, kwenye machimbo na silaha, tulikumbuke hilo. Anayempa kijana dawa ili achimbe usiku kucha, au asione hofu, anajipatia faida kwa mwili usio wake.

Je, aliyekwisha kunaswa amepotea? La. Picha za ubongo za watu walioacha methamfetamini zimeonyesha kwamba visafirishi vyao, vilivyokuwa vimepungua, viliongezeka tena baada ya mwaka mmoja na zaidi wa kujizuia. Mengine yaliyoharibika huchelewa zaidi, lakini njia ya kurudi ipo, nayo ni ndefu.

Hapo ndipo tunapojipima sisi wenyewe. Kundi linalompokea mwenzao Jumapili, kisha likamkatia tamaa akianguka mwezi wa pili, limemwacha wakati ubongo wake ungali unajijenga. Tunawasihi: msimcheke, msimtangaze, msimwache peke yake jioni. Mtafutieni muuguzi wa kituo cha afya, mpeni kazi ya shambani mtakayoifanya pamoja, na akianguka mrudieni. Uvumilivu wetu hauna budi kudumu angalau muda uleule ambao mwili wake unahitaji ili upone.