Umekula, Mwanangu?

Mtoto akisinzia chuoni, akilia ovyo au akigombana na wenzake, sisi walimu huharakia kumwita mtukutu. Tumewahi kumwadhibu ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu za mwili. Mwenye njaa hukosa umakini na utulivu. Katika Surat Quraysh, Mwenyezi Mungu ametaja pamoja neema mbili: kulishwa wakati wa njaa na kusalimishwa na khofu. Naye Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi awakumbuke jirani. Basi tuulize kabla ya bakora, na tugawane uji. Njaa si utovu wa adabu.