Barua ya Onyo Haimalizi Shida

Nilimwona kwa macho yangu pale Kibirizi, mjini kwetu Kigoma. Karani wa ghala anahesabu magunia ya dagaa. Kafika kumi na saba, simu ikatetema mfukoni, akaanza upya. Ikatetema tena. Mara ya tatu akaweka kalamu, akaenda kujibanza nyuma ya ukuta kumbembeleza mdai wake wa mkopo wa kausha damu. Alikopa mtoto alipolazwa. Marejesho ya kila wiki yakamlia mshahara wote. Jioni hesabu ikapungukiwa magunia mawili. Mwajiri akampa barua ya onyo.

Barua ile ilimponya mtoto? Ililipa deni? Ilirudisha magunia?

Waajiri wa Mwanga na Ujiji, acheni kutuimbia kwamba ya nyumbani yaachwe nyumbani. Yanaachwaje? Kichwa ni kimoja! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za malipo katika kila mzunguko wa likizo wa miezi 36, za kuuguza mtoto au kuzika mzazi, mwenza au ndugu wa damu. Siku hizo ni za yote kwa pamoja: ukizimaliza kwa msiba wa Machi, mtoto akiugua Juni huna kitu. Siku ya tano mtu anarudi kazini mwili tu, nanyi mnamwita mzembe.

Dawa ipo: mpango wa msaada kwa wafanyakazi. Marekani mipango hiyo ilianza kuenea viwandani miaka ya 1940, waajiri walipoona kwamba kumsaidia fundi hodari kuacha pombe kuna faida kuliko kumfukuza. Mwajiri anamlipa mshauri wa nje. Mfanyakazi anakwenda mwenyewe, bila kulipa, na deni lake, ndoa yake, pombe yake au msiba wake. Likizidi kimo, anaelekezwa hospitali au kwa mwanasheria. Bosi haambiwi nani kaenda wala kasema nini.

Hapo kwenye siri ndipo penye roho ya mpango wenyewe. Mji wetu tunajuana. Ukilia kwa afisa utumishi saa nne, saa sita habari iko sokoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa. Lakini amfunulie nani?

Msiniambie biashara zenu ni ndogo. Wenye maghala, mabasi, nyumba za wageni na shule binafsi, unganeni mumlipe mshauri mmoja, mwenye chumba kisicho ndani ya ofisi ya yeyote kati yenu. Harusi mnachanga, msiba mnachanga. Changeni na hili, kabla mtu hajavunjika.

Yule karani hatimaye aliachishwa kazi, akaondoka na miaka tisa ya kulijua ghala lile. Leo amesimama mwingine mahali pale, anahesabu magunia. Naye ana simu mfukoni.