Lori la magogo Londiani: uliza kabla hujapost

Wewe unayesomea uanahabari, ukiona lori la magogo Londiani usikimbilie kuandika "msitu unaibwa". Kwanza, ni mti gani? Misaipresi ya kupandwa huvunwa ikikomaa. Miti ya kiasili haifai kuguswa. Marufuku ya ukataji ilianza Februari 2018. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, kisha korti ikasimamisha hatua hiyo. Mpasua mbao anataka kazi, mkulima wa chai anataka mvua. Wasikize wote wawili. Chuo cha Misitu kiko papo hapo, kaulize. Ofisi ya umma ikikupiga chenga, andika barua: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kujibu. Picha ya kisiki bila kujua kibali ni udaku tu.